Majarida ya kitaaluma katika nchi tajiri na nchi zinazoinukia

Jarida la kitaaluma ni chapisho la mfululizo linalotoa matokeo ya utafiti baada ya makala kupitiwa na wataalamu wenza. Katika nchi tajiri, kazi hii imeshikwa kwa sehemu kubwa na makampuni machache, kama Elsevier, Springer Nature na Wiley. Maktaba hulipia usajili, au mwandishi hutozwa ada ili makala yake isomwe bure. Jarida la Nature lilipofungua njia hiyo mwaka 2021 lilitoza yuro 9,500 kwa makala moja, kiasi kinachomfungia mlango mhadhiri wa kawaida wa nchi inayoinukia.

Brazili ilishika njia nyingine, na inastahili kuigwa. Tangu 1998, maktaba ya mtandaoni SciELO, iliyoanza kwa fedha za mfuko wa utafiti wa jimbo la São Paulo, huweka majarida mtandaoni bila kumtoza msomaji, mengi yakiwa kwa Kireno na Kihispania. Huduma ya African Journals Online, ambayo sasa ina makao Afrika Kusini, nayo ilianza mwaka huohuo kuweka majarida ya Afrika mtandaoni.

Hata hivyo, tatizo kubwa la majarida ya nchi zinazoinukia ni upandishaji vyeo vya wahadhiri. Vyuo vingi huthamini zaidi makala zilizochapishwa nje, kwa Kiingereza. Kwa hiyo kazi nzuri huhama, na jarida la nyumbani husubiri makala hadi toleo lichelewe.