Skrubu ya kabureta na historia ya Dodoma

Wadau, historia tuliyofundishwa shuleni imejaa wakoloni, vyama na viongozi. Leo naomba tuongelee skrubu. Ndiyo, ile skrubu ndogo ya mikscha kwenye kabureta ya Land Rover au Peugeot 504.

Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 10. Kabureta haijui hilo. Gari lililosetiwa pwani likipanda bara, petroli inaizidi hewa: moshi mweusi, plagi nyeusi, tenki linakauka.

Mwaka 1973 mambo mawili yaligongana. TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na bei ya mafuta ikapaa duniani. Ikapaa tena 1979, nchi ikiwa imetoka kwenye Vita vya Kagera na fedha za kigeni zimekauka. Enzi hizo ilifika mahali gari binafsi halikuruhusiwa barabarani Jumapili kuanzia saa 8 mchana bila kibali. Hapo ndipo fundi wa kabureta alipokuwa mtu wa maana.

Nimekaa na mafundi wazee gereji, na somo lao ni moja. Kaza skrubu taratibu mpaka iguse, rudisha kama mzunguko mmoja na nusu, washa, injini ipate moto, halafu sikiliza. Zungusha kidogo kidogo mpaka sailensa itulie. Ukikaza kwa nguvu unaharibu ncha yake, na hapo hakuna kuseti tena, ni kubadilisha. Miaka ya 1980 spea zilikuwa adimu, kwa hiyo mkono mzito ulimgharimu mwenye gari.

Ila tusidanganyane: skrubu hiyo inatawala sailensa. Gari likiwa kwenye mwendo, kazi kubwa ni ya jeti, na fundi mzuri alijua yote mawili.

Magari ya sasa yana sensa na kompyuta, yanajipimia hewa yenyewe. Lakini bodaboda nyingi za Dodoma bado zina kabureta. Sikio lile la zamani limehamia kwa vijana wa pikipiki. Nasi waandishi tunasubiri nini? Mzee wako alikuwa fundi? Muulize leo, andika.