Kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo

Kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo ni kompyuta ya mezani ambayo vipuri vyake vimechaguliwa ili kila shilingi iende kwenye kitu kinachoonekana mchezoni. Katika Afrika Mashariki njia iliyozoeleka si kununua kila kipuri kikiwa kipya. Mnunuzi hutafuta mashine ya ofisi iliyotumika, mara nyingi Dell OptiPlex au HP EliteDesk iliyoingizwa kutoka Ulaya au Dubai, kisha huipachika kadi ya grafiki. Mashine hizo zimepangwa kwa safu katika maduka ya katikati ya Nairobi na ya Kariakoo, Dar es Salaam, na nyingi bado ni nzima kabisa kwa sababu miaka yake yote zilikuwa zikiandika barua na kupiga hesabu.

Wengi huanza kwa kuulizia kadi. Makala haya yanashauri kinyume: anza na visivyobadilishika kirahisi, yaani kasha na pawa saplai, maana hivyo ndivyo vinavyoamua ni kadi gani itaingia na itawaka.

Dukani, boksi zima huitwa CPU. Kwa ufundi, CPU ni prosesa peke yake, kile kipande cha mraba kilichojificha chini ya feni. Kutofautisha huku kuna faida mfukoni. Anayeuliza "CPU ya i5 ni bei gani?" hajauliza jambo linalojibika, kwa kuwa Core i5-2400 ya mwaka 2011 na Core i5-8500 ya mwaka 2018 zote ni i5. Ya kwanza ina viini vinne, ya pili ina sita vya kizazi kipya zaidi. Kwa prosesa hizi tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, na muuzaji aombwe namba nzima, si herufi mbili za mwanzo.

Kasha

Mashine za ofisi huja kwa maumbo matatu. Lipo kasha refu, lipo jembamba linalolala chini ya skrini, na lipo dogo linaloshikika kwa mkono mmoja kama kitabu kinene. Dogo huvutia kwa bei na kwa unadhifu wake, lakini halina sloti ya kupokea kadi ya kawaida ya grafiki, kwa hiyo mchezaji aliachie wenye kazi za ofisi. Jembamba hupokea kadi ya nusu kimo tu, na kadi za namna hiyo ni chache, nazo mara nyingi huuzwa ghali kuliko za kimo kamili zenye nguvu ileile. Ni kasha refu linalomwachia mnunuzi uhuru wa kweli. Likipatikana kwa bei iliyozidi kidogo ile ya jembamba, nyongeza hiyo hurudi siku ya kununua kadi.

Pawa saplai

Fungua ubavu wa kasha na utazame lebo iliyobandikwa kwenye boksi la chuma ambamo waya wa ukutani huingilia. Katika OptiPlex 9020 ya kasha refu lebo husoma wati 290. Katika OptiPlex 7040 ya kasha refu husoma wati 240. Kisha fuata waya zinazotoka humo moja baada ya nyingine: moja huenda kwenye ubao mama, nyingine kwenye prosesa, nyembamba huenda kwenye diski. Tafuta plagi ya pini sita au nane iliyobaki inaning'inia bila kazi. Katika mashine nyingi za ofisi hutaikuta, na hapo swali la kadi limeshapata nusu ya jibu.

Sloti ya kadi kwenye ubao mama hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi lazima iletewe waya wake: plagi ya pini sita huongeza wati 75, ya pini nane huongeza 150. Kwa hiyo mashine isiyo na plagi hiyo ifungiwe kadi inayotosheka na umeme wa sloti. Kuna mafundi wanaotumia adapta ya kuchota umeme wa waya za diski na kuupeleka kwenye kadi. Waya hizo hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Huchemka, plastiki ya plagi huyeyuka, na pawa saplai yenyewe huweza kuungua. Kazi hiyo ikataliwe hata ikitolewa bure.

Kubadilisha pawa saplai yote nako si rahisi kama inavyosemwa. Dell, katika mashine kama 9020, iliacha plagi kuu ya kawaida ya pini 24 na kutumia ya pini nane, na HP ilitumia ya pini sita katika EliteDesk 800 G1. Pawa saplai ya dukani haitaingia bila waya wa kugeuza, na wakati mwingine hata matundu ya skrubu hayalingani. Gharama hizo zijumlishwe mapema, kabla mashine haijalipiwa.

Kadi ya grafiki

Kwa mashine iliyobanwa na wati 75, majina yanayostahili kutafutwa ni machache. GTX 1050 Ti ilitoka mwaka 2016 ikiwa na memori ya GB 4, na mpaka leo ni kadi ya heshima kwa gemu za mashindano na za zamani kidogo. GTX 1650 ya mwaka 2019 inaizidi, ingawa baadhi ya matoleo yake yana tundu la pini sita, hivyo ukingo wa juu wa kadi ukaguliwe kabla ya kulipa. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024, ndiyo yenye nguvu zaidi kati ya hizi, na bei yake inasema hivyo.

RX 6400 ya mwaka 2022 inahitaji maelezo zaidi kwa sababu husifiwa sana kwa kutumia umeme mdogo na kwa kuingia kwenye kasha jembamba. Sifa hizo ni za kweli. Ila kadi hiyo huwasiliana na ubao mama kwa njia nne tu badala ya kumi na sita, ikitegemea kasi ya PCIe 4.0. Mashine za ofisi za Intel za kizazi cha nne hadi cha tisa zina PCIe 3.0, ambako kila njia hupitisha nusu ya hapo, kwa hiyo kadi hupoteza sehemu ya nguvu iliyolipiwa. Pia haina kifaa cha ndani cha kurekodi video, jambo linalomuumiza kijana anayetaka kurusha michezo yake mtandaoni.

Mtego mwingine ni kuipima kadi kwa ukubwa wa memori. GT 730 ya GB 4 husikika kubwa kuliko GTX 1050 ya GB 2, lakini mchezoni haiikaribii. Mbaya zaidi ni GT 1030, iliyouzwa kwa jina moja ikiwa na memori za aina mbili: yenye GDDR5 hupitisha GB 48 kwa sekunde, yenye DDR4 hupitisha chini ya GB 17. Ni haki ya mnunuzi kuuliza aina ya memori, na muuzaji asiyeijua aitafute kwenye lebo ya boksi.

Aliye na pawa saplai ya wati 500 ya kuaminika yuko kwenye soko jingine kabisa. RX 580 ya GB 8, inayokula takriban wati 185, na GTX 1660 Super, inayokula 125, ziliingia kwa wingi kwenye soko la mitumba baada ya Ethereum kuacha uchimbaji wa kadi za grafiki mnamo 15 Septemba 2022. Kadi iliyochimba sarafu si lazima iwe mbovu. Ikaguliwe feni kama zinazunguka bila kukwaruza, na ipigishwe mchezo mzito kwa nusu saa huku joto likitazamwa. Katika RX 580 pia kuna toleo la 2048SP, ambalo kwa viini vyake ni RX 570 iliyopewa jina la mkubwa wake.

Kadi bandia

Hapa ndipo maumivu makubwa hutokea. Kadi za kale, kama GTX 550 Ti ya mwaka 2011, zimebadilishiwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa kompyuta kuwa GTX 1050 Ti. Windows huamini jina hilo, na aliyekusanya fedha za vibarua kwa miezi huenda nyumbani akifurahi mpaka atakapofungua gemu. Dalili moja huonekana kwa macho: tundu la VGA la rangi ya buluu nyuma ya kadi. Chipu ya GTX 1050 Ti haitoi mawimbi ya VGA, hivyo kadi ya jina hilo yenye tundu hilo itiliwe shaka papo hapo. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu mwaka 2018, hutambua nyingi ya kadi hizi na kuweka onyo mbele ya jina. Ibebwe kwenye fleshi diski na ifunguliwe palepale kaunta, kabla fedha haijabadilisha mkono.

Prosesa, RAM na diski

Prosesa ya viini vinne kama Core i5-6500 bado huendesha gemu nyingi, lakini katika zile zenye miji mikubwa na watu wengi picha hugandaganda hata kadi ikiwa na nafasi. Core i7-6700 huingia kwenye ubao uleule na huhudumia kazi nane kwa wakati mmoja. EA Sports FC 24, iliyotoka mwaka 2023, inaweka kima cha chini kuwa Core i5-6600K, RAM ya GB 8, GTX 1050 Ti na nafasi ya GB 100, na hicho ni kipimo kizuri cha mashine ya leo ya bajeti ndogo.

Kizazi cha nane kina faida nyingine. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 inadai kizazi hicho kwenda juu. Anayepanga kukaa na mashine miaka kadhaa heri aanzie hapo, hata ikibidi kadi isubiri.

RAM iwe vipande viwili vinavyofanana. Viwili vya GB 4 hufanya kazi kwa pamoja na kupitisha data mara mbili ya kimoja cha GB 8. Tofauti hii huonekana zaidi kwa anayecheza bila kadi, kwa mfano kwa Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, kwa sababu grafiki zake za ndani huazima RAM hiyohiyo. DDR3 na DDR4 zina pengo la chini mahali tofauti. Kipande kikigoma kuingia kisilazimishwe.

Diski ya SSD haiongezi fremu, lakini huondoa kusubiri. Inatosha ya GB 240 kwa Windows na gemu moja au mbili, huku diski ya zamani ikibaki ghala.

Kuunganisha skrini

Kadi ikishafungwa, waya wa skrini uchomekwe kwenye matundu ya kadi yenyewe, yaliyolala upande wa chini nyuma ya kasha, si kwenye yale ya juu ya ubao mama. Waya ukibaki juu, gemu itachezeshwa na grafiki za prosesa, na kadi mpya itaonekana kama haina kazi. Kwa skrini ya mtumba yenye VGA peke yake, GTX 1650 huhitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye chipu ndani, na upande wa HDMI ndio unaoingia kwenye kadi. Vipo pia vya kuelekea upande wa pili, kutoka VGA kwenda HDMI, vinavyofanana navyo kabisa mezani, kwa hiyo yasomwe maandishi ya pande zote mbili.