Mafundi wa Erechtheion na ujira wa drakma moja

Juu ya kilima cha Akropoli, mjini Athens, limesimama hekalu la Erechtheion. Wengi hulijua kwa zile sanamu sita za wanawake zilizojitwika paa la ukumbi wake. Mimi huvutiwa zaidi na hesabu za ujenzi wake. Waathens walikuwa na desturi ya kuchora matumizi ya fedha za umma kwenye marumaru na kuyasimamisha hadharani, na vipande vya hesabu za hekalu hili, za kati ya mwaka 409 na 407 KK, vipo hadi leo.

Tutazame kikundi kimoja kilichokuwa kikichonga mifereji ya nguzo. Anatajwa Simias, "akaaye Alopeke". Neno "akaaye" peke yake linatosha kumtambulisha: ni mgeni mkaazi. Raia angeandikwa kwa mtaa wake bila kuambiwa anakaa, kama Phalakros wa Paiania. Kisha wanafuata Sindron, Sannion, Epieikes na Sosandros, kila mmoja akiitwa "wa Simias". Hao ni watumwa wake. Wote walishika patasi moja, wakavuta vumbi lilelile, na karani akawaandikia malipo kwenye jiwe lilelile. Kati ya mafundi 86 wa hekalu hilo ambao hadhi yao inajulikana, raia ni 24, wageni wakaazi 42 na watumwa 20. Ujira wa kawaida wa fundi ulikuwa drakma moja kwa siku, awe nani.

Tofauti ilijitokeza pesa zilipogawiwa.

Raia alikwenda na drakma yake nyumbani. Hata akiwa fukara, alikuwa na haki ya kupanda kilima cha Pnyx na kupiga kura juu ya vita na kodi. Msingi wa haki hiyo uliwekwa na mtunga sheria Solon mwaka 594 KK. Aliwagawa raia katika matabaka manne kwa mavuno ya mashamba yao, kuanzia wenye vipimo 500 kwenda juu hadi vibarua walioitwa thete. Akafuta pia desturi ya mtu kuweka mwili wake rehani kwa deni. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye fundo la historia ya Athens. Tajiri asiyeweza tena kumfanya jirani yake mtumwa alitafuta mikono kutoka nje, na uhuru wa maskini mmoja ukalipiwa na mateka wa nchi nyingine.

Simias naye alilipa kodi ya kichwa, drakma 12 kwa mwaka, yaani jasho la siku 12. Asingeweza kumiliki ardhi, na alihitaji raia wa kumdhamini. Akikwepa kodi hiyo, angeweza kuuzwa utumwani. Hata mali nyingi haikuwa kinga. Ukoo wa Lysias, mwandishi wa hotuba, wageni wenye asili ya Syracuse, ulikuwa na karakana ya ngao na watumwa 120. Mwaka 404 KK watawala thelathini walioipindua demokrasia walipora vyote, wakamnywesha sumu Polemarchos, kaka yake Lysias.

Wanawake hawamo miongoni mwa mafundi hao, ila zile sanamu sita za ukumbini hesabu zinaziita "wasichana". Mke wa raia hakupiga kura, ingawa tangu sheria ya kiongozi Pericles ya mwaka 451 KK mtoto hakuhesabiwa raia bila mama wa Kiathens. Alitarajiwa kukaa ndani na kufuma. Maskini walitoka, kwa sababu njaa haingoji heshima. Karne iliyofuata, Euxitheus alilazimika kutetea uraia wake mahakamani, na mojawapo ya hoja za washitaki wake ni kwamba mama yake aliuza utepe sokoni na kunyonyesha watoto wa wengine kwa malipo.

Drakma za Sindron na wenzake ziliingia mkononi mwa Simias. Na hao walikuwa na nafuu, maana walifanya kazi juani. Kwenye migodi ya fedha ya Laurion watumwa walitambaa kwa taa ya mafuta katika mahandaki ambayo mtu hasimami wima. Nicias, jemadari tajiri, alikodisha watu 1,000 huko kwa oboli moja kwa siku kila mmoja, na oboli ni sehemu ya sita ya drakma.

Kuna jiwe jingine, la mnada wa mwaka 414 KK. Waliotiwa hatiani kwa kuchezea ibada za siri walinyang'anywa mali, mmoja wao Kephisodoros, mgeni mkaazi wa Piraeus. Watumwa wake 16 wameorodheshwa kwa nchi walizotoka, bila majina: mwanamke wa Thrace drakma 165, Msyria 301. Karibu na mwisho yupo mtoto mdogo kutoka Caria. Aliuzwa drakma 72, ujira wa siku 72 wa fundi wa nguzo.