Namba Inayofaa Mara Moja Tu

Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani na kukusanyika Same, makao ya wilaya, kupinga kodi ya mbiru, kodi ya madaraja iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mmoja. Hawakuondoka upesi, na hatimaye kodi hiyo ilifutwa. Enzi hizo mwananchi mwenye neno na wakubwa alikwenda mwenyewe, akasimama mbele yao, akaonekana.

Leo mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba anaweza kupokea malipo, kumlipia mtoto ada na kuangalia salio bila kuteremka Same mjini. Anayemhudumia ni mtambo ulio mbali, usiomjua kwa sura wala kwa ukoo. Utamtambuaje? Wahandisi wamehangaika na swali hili kwa zaidi ya miaka 60. Mojawapo ya majibu yao ni zile tarakimu sita zinazoingia kwenye simu kwa meseji, pamoja na onyo kwamba usimpe mtu yeyote.

Safari ilianzia Marekani, kwenye chuo cha MIT. Mwaka 1961 Fernando Corbató na wenzake walionyesha CTSS, mfumo ulioruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu fupifupi. Ili kila mtu afikie mafaili yake tu, walimpa kila mmoja nywila. Ulinzi huo haukudumu. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamivu, Allan Scherr, alitaka muda zaidi wa kompyuta kuliko aliogawiwa. Akaagiza mashine ichapishe faili lenye nywila za watu wote, nayo ikachapisha. Kasoro ya nywila ya kudumu ikawa wazi tangu mapema: anayeiona leo anaweza kuitumia kesho na keshokutwa, na mwenyewe asijue.

Mwaka 1981 Leslie Lamport alichapisha makala yenye wazo lililobadili mambo. Hakutafuta namna ya kuizuia siri isisikike njiani. Alikubali kwamba itasikika, kisha akapanga isimfae aliyeisikia. Alitumia kanuni ya hesabu isiyorudi nyuma: kama mahindi yaliyosagwa, unga unaupata kwa urahisi lakini punje huzipati tena. Chukua siri yako, uipitishe kwenye kanuni hiyo mara 1,000. Kompyuta inahifadhi tokeo la 1,000 peke yake. Unapotaka kuingia, unatoa tokeo la 999. Kompyuta inalipitisha kwenye kanuni mara moja; likilingana na la 1,000, unafunguliwa, na sasa inahifadhi lile la 999. Safari ijayo utatoa la 998. Mwizi aliyelinasa la 999 hana la kufanya nalo, maana limeshatumika, na kulipata la 998 kutokana nalo hawezi.

Wazo hilo lilisubiri miaka kadhaa kabla ya kuenea. Februari 1994 kituo cha CERT cha Marekani kilitahadharisha kwamba wavamizi walikuwa wakinasa nywila zikipita kwenye intaneti, tena kwa wingi. Maabara ya Bellcore ilikuwa tayari imetengeneza mfumo wa S/KEY kwa kufuata njia ya Lamport, na maelezo yake yakachapishwa Februari 1995. Kila nywila iligeuzwa kuwa maneno sita mafupi ya Kiingereza, kutoka orodha ya maneno 2,048, ili iwe rahisi kuandika. Msafiri aliweza kuchapisha orodha yake kwenye karatasi, akaiweka mfukoni, na kila alipotumia mstari mmoja akaukata kwa kalamu.

Wengine walishika njia ya saa. Kampuni ya Security Dynamics ilitengeneza kifaa kidogo cha SecurID, kilichobadilisha namba yake kila baada ya sekunde 60. Baadaye wahandisi wa IETF, jumuiya inayopanga kanuni za intaneti, waliweka kanuni za wazi ambazo yeyote angeweza kuzifuata: Desemba 2005 namba zinazokwenda kwa kuhesabu matumizi, na Mei 2011 namba zinazokwenda kwa saa, ambazo kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30.

Tanzania, Vodacom ilianzisha M-Pesa mwaka 2008. Wengi walijifunza usalama wa fedha kwa namba ya siri ya tarakimu nne, ambayo ni ya kudumu, na kwa laini yenyewe. Simu za kisasa zilipokuja na programu za benki, namba ya mara moja ikaja nazo kwa meseji. Hapo laini ikawa ufunguo mkubwa kuliko zamani. Kuanzia Mei 2019 serikali ilisajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na baada ya Januari 20, 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa.

Meseji ina udhaifu ambao mtu wa milimani anauelewa haraka. Simu ikiwa bondeni, mnara ukizibwa na mlima, mtambo wa kampuni ya simu huutunza ujumbe mpaka simu ipatikane. Namba iliyopewa dakika chache inaweza kufika muda wake umekwisha. Programu inayotoa namba kwa saa haihitaji mnara ili kuizalisha. Inahitaji saa ya simu iwe sahihi.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwetu wenyewe. Lamport alimshinda mwizi anayesikiliza njiani. Tapeli wa leo anapiga simu, anajiita mhudumu, anasema kwa upole: “Nisomee namba zilizoingia sasa hivi.” Wakati huo yeye ameshajaza namba yako kwenye simu yake, amebakiza tarakimu hizo sita tu. Ukimsomea, umemkabidhi siri ikiwa bado mbichi, na hakuna hesabu itakayokuokoa.

Kwa hiyo waambieni wazazi, bibi na babu kule Gonja, Chome na Mbaga: namba ikija bila kuiomba, huenda mtu anajaribu kuingia kwa jina lako. Usimsomee yeyote, hata akikutajia jina lako kamili. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na namba ya tapeli itume kwenda 15040.