Wauzaji wa bidhaa za viwandani wanavyoweza kupunguza hewa ukaa

DUKA linalouza vipuri, vilainishi vya mitambo, mitungi ya gesi na vifungashio halina bomba la moshi. Kwa sababu hiyo, wengi hudhani kwamba uchafuzi unaobadilisha tabianchi unawahusu wenye viwanda peke yao. Hali ya mfanyabiashara aliyeko Makandana, mjini Tukuyu wilayani Rungwe, anayehudumia viwanda vya chai, karakana na mashine za mbao, inaonesha vinginevyo. Sehemu kubwa ya hewa ukaa ya biashara yake hutoka barabarani, na dizeli inayoizalisha hulipiwa kutoka mfukoni mwake.

Kuhesabu kwanza

Utaratibu unaotumika zaidi duniani wa kuhesabu gesijoto za kampuni ulitolewa mwaka 2001 na Taasisi ya Rasilimali za Dunia (WRI) pamoja na Baraza la Biashara la Dunia kwa Maendeleo Endelevu (WBCSD). Utaratibu huo hugawa hesabu katika mafungu matatu. La kwanza ni mafuta yanayochomwa na kampuni yenyewe, katika magari na jenereta zake. La pili ni umeme inaonunua. La tatu ni yote yanayotokea nje ya mipaka yake: utengenezaji wa bidhaa, usafirishaji wa kukodi na matumizi ya bidhaa hizo kwa mteja.

Hesabu ya awali haihitaji mtaalamu. Risiti za mafuta, ankara za umeme na daftari la safari zinatosha. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tukuyu ni takriban kilomita 900. Lori linalotumia lita 40 kwa kila kilomita 100 huteketeza lita 720 kwenda na kurudi, sawa na karibu tani mbili za hewa ukaa. Kwa kulinganisha, duka linalotumia uniti 300 za umeme kwa mwezi, hata kwa makadirio ya juu ya nusu kilo kwa kila uniti, huzalisha kilo 1,800 kwa mwaka mzima. Safari moja ya lori hulingana basi na umeme wa mwaka. Anayebadilisha taa na kuacha safari zilivyo amegusa sehemu ndogo tu ya tatizo.

Lori lisirudi tupu

Hatua yenye manufaa makubwa ni kuhakikisha kwamba lori halitembei tupu wala nusu. Rungwe ina nafasi nzuri katika hilo. Ndizi, viazi, parachichi na chai husafirishwa kutoka wilayani humo kwenda masoko ya mbali, hivyo malori huja kuvifuata. Muuzaji anayepanga shehena yake ipande na lori linalokuja kubeba ndizi hugawana safari hiyo na mwenye mazao, na gharama hupungua kwa wote wawili.

Kuunganisha oda nako husaidia. Kiwanda kinachoagiza fani moja leo na mkanda mmoja keshokutwa humlazimisha muuzaji kusafiri mara mbili. Orodha ya vipuri vinavyochakaa mara kwa mara, iliyoandaliwa pamoja na fundi wa kiwanda, huwezesha vitu hivyo kuletwa kwa mkupuo. Kwa shehena nzito isiyo ya haraka, reli ya TAZARA hufika Mbeya, takriban kilomita 70 kutoka Tukuyu, na treni hutumia mafuta machache kuliko lori kwa kila tani inayobebwa.

Mitungi ya gesi inastahili uangalifu wa pekee. Mtungi mkubwa wa chuma wa oksijeni huwa na uzito unaokaribia kilo 60 ukiwa mtupu, ilhali gesi iliyomo ni takriban kilo 10. Lori hubeba chuma kwenda, kisha hubeba chuma kilekile kurudi. Kukusanya mitungi mitupu ya wateja wote siku moja huokoa safari nyingi.

Bidhaa yenyewe

Muuzaji wa kuni kwa viwanda vya chai anaweza kupunguza uchafuzi kabla ya kuni kufika tanurini. Mti uliokatwa karibuni huwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake, na tanuri hutumia joto kuyakausha kwanza. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hivyo kuni zilizopasuliwa na kuhifadhiwa chini ya paa kwa miezi kadhaa hutoa joto zaidi kwa kila tani. Vifaa vya kufunika mabomba ya mvuke navyo humpunguzia mteja matumizi ya kuni.

Hesabu ya bidhaa hudai uangalifu. Kampuni ya TOL Gases, iliyokuwa ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, huvuna hewa ukaa asilia katika eneo la Mlima Kyejo, Rungwe, kwa matumizi ya viwanda vya vinywaji. Hewa hiyo huingia angani soda inapofunguliwa. Swali la kihesabu ni iwapo ingetoka ardhini yenyewe bila kuvunwa. Ile ambayo ingetoka haiongezi kitu. Ile ambayo ingebaki chini huhesabiwa.

Miti haifuti dizeli

Kupanda miti ni jambo jema, lakini mche huchukua miaka mingi kufyonza kile ambacho lori hutoa kwa siku chache. Biashara ya kaboni nchini ina kanuni zake za mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Katika mpango wake wa mwaka 2021 chini ya Mkataba wa Paris, Tanzania iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila kuchukua hatua. Kwa mfanyabiashara wa Makandana, pa kuanzia ni daftari la safari: kila safari aliyoiondoa ni dizeli ambayo hakuinunua.