Mguso wa makini na hipnosi katika tiba ya unyumba

Mguso wa makini ni zoezi la tiba ambalo wenza wawili hugusana kwa zamu, polepole, huku tendo la ndoa lenyewe likiwa limepigwa marufuku kwa muda. Lilitungwa na William Masters na Virginia Johnson mjini St. Louis, Marekani, na likapata umaarufu kupitia kitabu chao cha mwaka 1970. Hipnosi ni hali ya utulivu ambamo mtu hukusanya mawazo yake kwenye jambo moja na kupokea mapendekezo ya mtaalamu kwa wepesi kuliko kawaida. Njia hizi hazikuzaliwa pamoja, lakini zote mbili hupambana na adui mmoja, yaani hofu ya kushindwa kitandani.

Hofu hiyo hujilisha yenyewe. Mwanamume aliyeshindwa mara moja kwa uchovu au pombe huingia chumbani mara ya pili akijichungulia kama leo itawezekana, na kule kujichungulia ndiko kunakoizima hamu. Mwanamke aliyewahi kuumia hukaza misuli kabla hajaguswa, na kukaza huko kunaleta maumivu yale yale aliyoyaogopa. Masters na Johnson walisema mgonjwa wa namna hii amegeuka mtazamaji wa mwili wake mwenyewe.

Chimbuko

Wazo la kuponya kwa kukataza ni la zamani kuliko St. Louis. John Hunter, daktari mpasuaji wa London, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1786 habari za mwanamume aliyekosa nguvu kila alipolala na mwanamke mmoja aliyempenda mno. Hunter alimwagiza alale naye usiku sita akiwa ameazimia kutofanya lolote, hata kama hamu na uwezo vingekuwepo. Mgonjwa alirudi na kueleza kwamba azimio lile lilimgeuza fikra kabisa: badala ya kuogopa kushindwa, alianza kuogopa kwamba hamu itamzidi.

Miaka miwili kabla ya kitabu hicho, hipnosi ya awali ilikuwa imeshajikwaa kwenye suala la mguso. Franz Anton Mesmer aliwatibu wagonjwa wa Paris kwa kile alichokiita sumaku ya viumbe, na mwaka 1784 Mfalme Louis XVI aliteua tume iliyowahusisha Benjamin Franklin na mwanakemia Lavoisier. Ripoti ya hadharani ilisema sumaku hiyo haipo, na kwamba nguvu yote inatoka kwenye fikra za mgonjwa. Ripoti ya pili ilipelekwa kwa siri. Ilionya kwamba mganga mwanamume anayekaa magoti kwa magoti na mgonjwa wa kike na kumpapasa tumbo anaamsha mengine yasiyo tiba. Onyo hilo lina uzito hadi leo, na linaendana na kanuni kuu ya fani nzima: mtaalamu wa kweli hamgusi mteja wake kimapenzi, kwa kisingizio chochote kile.

Jina la hipnosi lilienezwa na James Braid, tabibu wa Manchester, katika miaka ya 1840. Chama cha madaktari cha Uingereza kiliikubali kama nyenzo ya tiba mwaka 1955, na cha Marekani mwaka 1958.

Masters na Johnson

Masters alikuwa daktari wa wanawake katika Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis. Johnson alijiunga naye mwaka 1957 bila shahada ya chuo kikuu, lakini akiwa na kipaji adimu cha kuwafanya watu waseme. Kitabu chao cha kwanza, cha mwaka 1966, kilitokana na kuwapima maabarani wanawake 382 na wanaume 312. Cha pili, cha 1970, kilikuwa cha tiba, na kilihusu wagonjwa 790.

Utaratibu wao ulikuwa wa wiki mbili, kila siku. Wenza waliotoka mbali walipanga hotelini, mbali na watoto, kazi na wakwe. Walihudumiwa na wataalamu wawili, mwanamume na mwanamke, ili kila upande uwe na wa kuusemea. Hakuna aliyeitwa mgonjwa peke yake. Kilichotibiwa ni uhusiano. Kwanza kila mmoja alihojiwa kwa kina na kupimwa afya, kisha wanne hao wakakaa pamoja kujadili kilichoonekana, na baada ya hapo tu ndipo mazoezi ya mguso yalipoanza. Waliripoti kwamba takriban mmoja kati ya watano tu hakufanikiwa.

Wawili hao walioana mwaka 1971 na kuachana miaka ya 1990 mwanzoni. Taasisi yao ilifungwa mwaka 1994.

Zoezi lenyewe

Wenza huchagua saa isiyo na haraka. Simu zinazimwa, mlango unafungwa, mwanga unaachwa hafifu. Mmoja hulala, mwingine hugusa, kuanzia kichwani hadi vidoleni, akiruka matiti na sehemu za siri. Baada ya muda hubadilishana. Katika hatua za baadaye sehemu zilizorukwa huongezwa, na tendo lenyewe huja mwisho kabisa.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba anayegusa haambiwi amfurahishe mwenzake. Anaambiwa aifuate hamu yake ya kujua, akizingatia vitu vitatu tu: joto au ubaridi, ugumu au ulaini, na kama ngozi inateleza au inakwaruza. Akili ikitangatanga kwenye swali la "anapenda?" au "nimeanza kuamka?", huirudisha kwenye joto la bega lililo chini ya kiganja. Anayeguswa naye hana kazi ya kusifia. Akiona mguso unamtekenya au unamuumiza, huweka mkono wake juu ya mkono wa mwenzake na kuuongoza, bila lawama na bila hotuba. Kwa wenza waliozoea kunyamaziana kwa miaka, mkono huo juu ya mkono mara nyingi huwa mazungumzo ya kwanza ya kweli kuhusu miili yao.

Helen Singer Kaplan wa New York, katika kitabu chake cha 1974, aliyapunguza mazoezi haya yaingie katika miadi ya kawaida ya wiki, na baadaye akaonyesha kwamba kukosa hamu ni tatizo linalojitegemea.

Ngozi

Watafiti wa Sweden wameeleza nyuzi za neva zilizo kwenye ngozi yenye vinyweleo ambazo huitikia zaidi mpapaso wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, kwa mkono wenye joto la kawaida la ngozi. Ujumbe wake husafiri polepole na huelekea sehemu ya ubongo inayohusika na hisia za ndani ya mwili. Ushauri wa kugusa polepole, basi, una mizizi ndani ya neva zenyewe.

Hipnosi na uzingativu

Kikao cha hipnosi hakifanani na maonyesho ya jukwaani. Mteja huketi, hutazama sehemu moja, hupumua kwa utaratibu, kisha hupewa picha za kufikiria. Hapotezi fahamu na anaweza kukataa. Daniel Araoz, aliyeandika juu ya hipnosi na tiba ya unyumba mwaka 1982, alishikilia kwamba wagonjwa wengi tayari wamejihipnotishia kushindwa kwa maneno wanayojirudia kimoyomoyo.

Ushahidi bora wa hipnosi unatoka pembeni kidogo. Gary Elkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, waliwafuatilia wanawake 187 waliokoma hedhi. Waliopewa vikao vitano vya hipnosi, pamoja na rekodi za kusikiliza nyumbani, walipungukiwa na mafukuto ya joto kwa takriban asilimia 74 ndani ya wiki 12, dhidi ya asilimia 17 kwa kundi la kulinganishia. Uchambuzi uliochapishwa 2016 ulionyesha nafuu katika tendo la ndoa pia.

Lori Brotto wa Vancouver, Kanada, alichukua mazoezi ya uzingativu, yaani ya kuituliza akili kwenye kinachohisiwa wakati huo, na kuyapeleka kwa wanawake waliopona saratani za viungo vya uzazi. Utafiti wake wa mwaka 2008 ulihusu wanawake 22. Mafunzo yake huanza na zabibu kavu moja: kuitazama, kuinusa, kuigeuza ulimini kabla ya kuitafuna. Mwanamke aliyedhani mwili wake umekufa ganzi hujifunza kwanza kusikia kilicho mdomoni, ndipo baadaye azingatie kilicho kwenye ngozi.

Ukosoaji

Mwaka 1980 Bernie Zilbergeld na Michael Evans walionyesha kwamba Masters na Johnson hawakueleza vizuri vipimo vyao vya mafanikio. Madai yao ya 1979 ya kubadili mwelekeo wa kijinsia hayakuwahi kuthibitishwa. Hipnosi nayo ilitumika vibaya miaka ya 1980 na 1990 "kufukua" kumbukumbu ambazo baadhi hazikuwa za kweli.

Afrika Mashariki

Pwani, mafunzo ya mwili yamekuwa kazi ya somo au kungwi, ambaye humfunda mwari katika unyago na kumsugua singo kabla ya harusi. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki 2013, alikuwa mwalimu mashuhuri wa unyago. Buganda kazi hiyo ni ya ssenga, shangazi upande wa baba. Mafunzo haya yanastahili heshima kubwa kuliko yanayopewa, ingawa kwa kawaida humfunda mke, na mume hubaki nje ya mlango.

Hali ya sasa

Vidonge vya nguvu za kiume vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 viliisukuma kando tiba ya mazungumzo. Maisha ya Masters na Johnson yalifanywa tamthilia ya televisheni kati ya 2013 na 2016. Mwongozo wa mguso wa makini ulioandikwa na Linda Weiner na Constance Avery-Clark, waliowahi kufanya kazi katika taasisi ya Masters na Johnson, ulitoka 2017. Kisukari, shinikizo la damu na baadhi ya dawa zake hupunguza nguvu za kiume, kwa hiyo vipimo vya hospitali hutangulia zoezi lolote.