Bomba Lililofinywa na Radi



Jioni hii napenda kuwasimulieni habari ya kipande cha bomba la shaba, na jinsi kilivyowafunulia watu nguvu ambayo leo yaweza kuifanya sarafu kubwa iwe ndogo, pasipo nyundo wala tanuri.

Katika nchi ya Australia, jimbo la New South Wales, palikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta ya taa mahali paitwapo Hartley Vale. Kiwandani paliwekwa kinga ya radi, maana penye mafuta cheche moja yatosha kuleta msiba. Kinga hiyo ilikuwa bomba la shaba nyekundu, lenye uwazi ndani, na unene wake ulikuwa kama wa kidole gumba. Radi ikapiga, umeme ukashuka kwa njia ya bomba hilo hata ardhini. Watu walipolitazama, waliona ajabu: bomba lilikuwa limebonyea na kufinyika, kana kwamba jitu limelibana kwa mkono wake.

Mtu mwingine angalilitupa jaani. Lakini kipande chake kilifika Chuo Kikuu cha Sydney, mikononi mwa Pollock, profesa wa fizikia, na Barraclough, mwalimu wa uhandisi wa mitambo. Wakajiuliza: ni nani aliyelibana, hali nje yake hapakuwa na kitu ila hewa? Mwaka 1905 walitoa jibu lao: umeme wenyewe ndio uliolibana.

Jambo hili si gumu kulifahamu. Mwaka 1820 Ampère, mtaalamu wa Ufaransa, alionyesha kwamba nyaya mbili zilizo sambamba, zikipitisha umeme upande mmoja, huvutana. Na zikiupitisha kwa pande zinazopingana, husukumana. Basi lifikirini lile bomba kuwa ni nyaya nyingi zilizosimama duara. Umeme uliposhuka katika zote pamoja, zote zilivutana kuelekea katikati, na bomba likajifinya. Katika waya wa taa mvuto huo ni mdogo mno, hata hatuuoni. Lakini radi moja huweza kuchukua ampea 30,000 na zaidi, na hapo shaba hushindwa.

Je, binadamu aweza kuitumia nguvu hiyo kwa kupenda kwake? Shida ilikuwa kwamba umeme mwingi huyeyusha waya. Katika miaka ya 1920 Kapitza, mtaalamu wa Kirusi aliyefanya kazi Cambridge, Uingereza, alipata hila: aliupitisha umeme mwingi kwa kitambo kidogo sana, akapata sumaku yenye nguvu kubwa kabla waya haujawahi kuharibika. Hatimaye, mwaka 1961, Harvey na Brower walipewa huko Marekani hati ya haki ya uvumbuzi wa mashine ya kufinyanga madini kwa nguvu za sumaku. Kwa njia hiyo bomba hubanwa juu ya jingine likashikana, bila ya kuguswa na nyundo.

Sasa tuitazame sarafu. Chukueni robo dola ya Marekani, ambayo upana wake ni milimita 24.26. Huzungushiwa waya mnene wa shaba, kisha umeme wa volti maelfu, uliokwisha kukusanywa ghalani mwake, hufunguliwa kwa ghafula. Faraday alikwisha onyesha, mwaka 1831, kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme katika madini yaliyo karibu. Ndivyo umeme unavyozaliwa ndani ya sarafu, nao huzunguka kinyume cha ule wa waya. Vinyume husukumana: sarafu husukumwa ndani, na waya hutupwa nje ukapasuka vipande vipande. Yote hayo huisha kabla jicho halijapepesa.

Sarafu iliyobaki yaweza kuwa na upana wa milimita 18 hivi, sawa na sarafu yao ya senti kumi, na sura ya Washington ingali juu yake, ndogo lakini yatambulika. Je, imepungua? Ipimeni kwa mizani: uzito ni ule ule. Ni kama donge la unga wa chapati. Ukilisukuma kutoka pande zote upana hupungua, unene huongezeka. Unene wa sarafu hiyo hukaribia kuwa mara mbili.

Nawaonya vijana wasijaribu kamwe jambo hili. Umeme uliokusanywa hivyo huua papo hapo, na vipande vya waya huruka kama risasi. Wataalamu wenyewe hufanya kazi hiyo ndani ya sanduku la chuma.

Lakini jambo moja kila mtu aweza kulifanya. Likitokea ajabu mbele yako, usilitupe kabla hujaliuliza. Bomba la Hartley Vale lilikuwa taka mpaka wawili walipouliza.